Damu Iliyoshuka Miguuni

Daktari Wayua alianza kufunua shuka upande wa miguu badala ya kichwani, na hapo Inspekta Naliaka akajua kwamba faili aliyotumwa kuifunga haingefungwa leo.

"Angalia rangi," daktari alisema.

Miguu ya marehemu, tangu vidoleni hadi juu ya magoti, ilikuwa ya zambarau iliyokolea. Mikono nayo ilikuwa hivyo hivyo, tangu vidoleni hadi karibu na viwiko. Daktari na mhudumu wa mochari wakamgeuza ubavu. Mgongoni palikuwa na wekundu hafifu tu.

Kijana huyo aliitwa Mugo. Alikuwa mrefu, mwenye mabega mapana, na alikuwa ameajiriwa kwa majaribio na kampuni moja ya walinzi huko Kitengela. Alikufa akiwa mafunzoni. Mkufunzi wake, mwanajeshi mstaafu kwa jina Dalmas, alikuwa ameandikisha taarifa kituoni: kijana alimaliza mbio za asubuhi, akaanguka, akabebwa papo hapo kwenye gari la kampuni, akafika zahanati akiwa ameshakata roho. Ndani ya begi lake walikuta vidonge. Mkuu wa kituo alisoma hadi hapo kwenye vidonge, akaona inatosha. Alimwambia Naliaka apitie mochari ya Kajiado, achukue ripoti, mambo yaishe. Naliaka hakubisha. Alikuwa ndiyo kwanza atoke Namanga, kwenye kesi ya ng'ombe walioibiwa, ambako kitanda chake kilikuwa kiti cha gari. Macho yalimwasha. Alitaka kwenda nyumbani.

"Moyo ukisimama, damu haina wa kuisukuma," Daktari Wayua alisema. "Inatuama pale chini kabisa, kama maji kwa tanki. Aliyelala chali inaenda mgongoni. Huyu imeenda miguuni."

"Alikufa amesimama."

"Na akaendelea kusimama. Rangi kama hii haikai kwa dakika chache. Mimi nakadiria ni kama saa nzima kabla hawajamlaza, na huenda ni zaidi."

Naliaka aliuliza ni vipi maiti inaweza kusimama saa nzima. Daktari aliinua mkono mmoja wa Mugo. Kifuani, chini kidogo ya makwapa, palipita mstari mpana usio na rangi, ngozi yake imechubuka kingoni. Ulizunguka hadi mgongoni kila upande, ukaishia karibu na uti wa mgongo, mahali ambapo pengine aliegemezwa kitu. Shingoni hapakuwa na alama yoyote.

Konstebo Mureithi, aliyekuwa dereva wake siku hiyo, alitoka nje kuvuta hewa. Naliaka akabaki. Alitoa mfukoni kifuko cha plastiki chenye vile vidonge, akampa daktari. Wayua alisoma jina nyuma ya karatasi ya bati iliyovifunga, akashusha pumzi.

"Hizi ni za presha. Za kulegeza mishipa. Kijana wa umri huu alizitoa wapi?"

"Ndiyo nataka kujua. Zinaweza kumuua?"

Daktari aliketi kwenye stuli. Alieleza polepole, kwa sauti ya mtu ambaye pia hakuwa amelala. Mtu akikimbia, alisema, ubongo unaamuru presha ipande. Kwenye mshipa mkubwa wa shingo na juu ya moyo kuna neva zinazopima presha kila sekunde, na wakati wa mbio neva hizo hukubali ipande, hazipingani nayo. Mishipa ya mapajani hufunguka ili misuli ipate damu, ile ya tumboni hubanwa. Na kila hatua mtu anayopiga, misuli ya miguu inaikamua damu irudi juu kwa moyo.

"Na akisimama ghafla?" Naliaka aliuliza.

"Hapo ndipo pagumu. Ule mkamuo umeisha, lakini mishipa ya miguu bado iko wazi, na itabaki wazi kwa muda mrefu. Neva nazo zimeshusha kiwango, zinaona presha ya chini ni sawa tu. Damu inajaa miguuni, kichwani inapungua. Wengi wetu tunasikia kizunguzungu, basi. Neva zinakaza mishipa kidogo, moyo unaongeza mwendo, inaisha." Aligusa karatasi ya bati kwa kidole. "Hii dawa inaziba maneno ya neva. Zinasema kaza, mishipa haisikii. Na mtu ambaye hajaizoea, dozi ya kwanza ndiyo mbaya kuliko zote."

"Kwa hivyo ilimuua."

"Ilimwangusha. Hilo naweza kuapa hata kortini. Kumuua ni jambo lingine. Moyo wake nimeukata, ni mzima. Sampuli za damu zimeenda Nairobi. Wewe nitafutie nani alimsimamisha."

*

Mama yake Mugo aliitwa Mwihaki. Alifuga kuku wa nyama Isinya, katika ploti waliyonunua na marehemu mume wake, na siku hiyo uani palijaa wanawake wa kanisa waliokuja kupika na kukaa naye. Naliaka aliomba waongee kando. Wakaenda nyuma ya banda la kuku, mahali penye harufu kali, ambapo hakuna ambaye angewafuata.

Naliaka hakuwa na nguvu ya kuzunguka. Alimwonyesha kile kifuko. Mwihaki alikitazama, kisha akaegemea mbao za banda.

Hakuficha neno. Alisema kwamba Mugo alipopimwa na kampuni mara ya kwanza, presha yake ilisoma juu. Alikuwa na wasiwasi tu, alikuwa ametafuta kazi tangu amalize shule, na kuona ile mashine peke yake kulimtetemesha. Wakamwambia atapimwa tena asubuhi ya mbio, na kama haitashuka, arudi nyumbani. Jioni ile alikuja Isinya, akala, akamwomba mama yake vidonge vyake. Mwihaki alikuwa na presha kwa miaka mingi. Zahanati ilikuwa imembadilishia dawa hivi majuzi, na hakuna aliyemweleza ile mpya ni ya namna gani.

"Nilimpa karatasi yake, nikamwambia asubuhi ameze mbili," alisema. "Nilifikiria moja ni kidogo kwa mtu mkubwa kama yeye. Akanipigia simu akiwa huko. Akasema, mami, imesoma vizuri, wamenipitisha."

Kuku walikuwa wakipiga kelele ndani. Mwihaki aliuliza swali lake bila kumtazama Naliaka.

"Ni mimi nilimuua, madam?"

Naliaka alikuwa amewahi kuwapa watu faraja kisha akarudi kuwanyang'anya. Hakutaka kufanya hivyo tena.

"Sijui bado, Mama Mugo," alisema. "Nikijua, nitakuja mwenyewe."

Njiani kurudi Kitengela, Mureithi alisema kwamba pengine mkuu wa kituo alikuwa sahihi: mama kampa mtoto dawa, mtoto kaanguka, ni msiba wala si kesi. Naliaka alimwambia aendeshe gari. Akaegemeza kichwa kwenye dirisha na kufumba macho, lakini hakulala. Alikuwa akifikiria ule mstari kifuani.

*

Uwanja wa mafunzo ulikuwa nje ya mji, kipande cha ardhi tambarare kilichozungushiwa waya, chenye milingoti miwili ya goli kila upande na kibanda cha mabati pembeni. Dalmas aliwapokea kwa saluti. Buti zake ziling'aa katika vumbi lile. Alikuwa mtu wa heshima, alijibu kila swali kwa ukamilifu, na hakuharakisha.

Naliaka alimwomba amwonyeshe Mugo alipoangukia. Dalmas alitembea hadi katikati ya uwanja, akasimama, akaonyesha chini.

"Hapa. Chali."

"Mkafanya nini?"

"Tukambeba kwa gari, madam. Hapo hapo. Tulimlaza kiti cha nyuma."

"Hakusimamishwa tena?"

"Mtu amezirai atasimamaje?"

Naliaka aliuliza kama wanafunzi hutembeatembea baada ya mbio. Dalmas alikaribia kutabasamu. Alisema hapana, wakimaliza wanapanga mstari na kusimama wima, mikono ubavuni, hakuna kuchuchumaa, hakuna kushika magoti. Mlinzi ni mtu wa kusimama. Ndiyo kazi yenyewe. Kisha akashusha sauti na kuuliza kama wamefuatilia vile vidonge, maana vijana wa siku hizi wanameza kila kitu, na yeye mwenyewe ndiye aliyevikuta na kuvikabidhi polisi.

Mureithi alikuwa ameenda kwenye milingoti ya mbali. Aliinua mkono. Naliaka akaenda, na Dalmas akamfuata nyuma.

Milingoti yote ilikuwa na kutu. Mmoja tu ulikuwa na mahali paliposuguliwa hadi chuma kikang'aa, usawa wa kifua cha mtu mrefu. Katika upele wa kutu zilinasa nyuzi za rangi ya machungwa, ngumu, kama za mikanda wanayofungia mizigo kwenye malori. Chini, udongo ulikuwa umechimbwa kwa visigino.

"Vijana wanacheza mpira hapa jioni," Dalmas alisema. "Hapo wanafungia nyavu."

"Upande mmoja tu?"

Naliaka akachukua zile nyuzi, akazitia kwenye bahasha, akamwambia Mureithi apige picha. Kisha akaomba kuongea na wanafunzi waliokuwepo siku ile. Dalmas akasema mafunzo yameisha na wote wamepangiwa vituo. Wengi wameenda Namanga, wengine Loitokitok, huko Entarara.

"Walipangiwa lini?"

"Kesho yake."

"Kesho yake mwenzao amekufa."

"Wateja hawangoji, madam."

Naliaka alikuwa ameona kampuni nyingi za walinzi, na hakuna hata moja iliyowahi kupanga watu kwa haraka hivyo. Alirudi garini akaanza kupiga simu. Ilimchukua mchana wote kupata jina la mtu mmoja aliyebaki karibu.

*

Nasieku alilinda geti la mtaa wa nyumba za kupanga upande wa pili wa Kitengela. Sare yake ilikuwa kubwa kumzidi, mikono ameikunja mara mbili. Naliaka alimsalimu kwa Kimaa, lugha ya Wamasai, kwa neno moja alilojua vizuri.

"Takwenya."

"Iko," msichana akaitikia, kisha akatazama gari la polisi na kukunja uso.

Mwanzoni alirudia maneno ya Dalmas, karibu neno kwa neno: alianguka, tukambeba, hapo hapo. Naliaka hakumkatiza. Alipomaliza, alimweleza alichoona mochari, rangi ya miguu, na alama ya kifuani. Hakumtisha. Alimwambia tu kwamba Mugo alikuwa amefungwa mahali akiwa amesimama, kwamba hilo linajulikana tayari, na kwamba mama yake yuko Isinya anaamini ameua mtoto wake.

Gari la mpangaji lilipiga honi. Nasieku alifungua geti, akalifunga, akarudi.

"Aliamka," akasema.

"Nani?"

"Mugo. Alipoanguka mara ya kwanza, aliamka akiwa chini. Alifungua macho, akaniuliza kama suruali imechafuka. Nilikuwa karibu na yeye kwa laini. Nikamwambia lala tu, usiinuke." Alifuta uso kwa mkono wa sare. "Afande akasema anajifanya. Akasimamishwa. Akaanguka tena, na tena akaamka. Ndio Afande akaleta ule mkanda wa lori. Akasema atasimama hata kama hataki."

Alieleza kwamba Dalmas alimfunga Mugo kwenye mlingoti kwa mkono wake, kifuani, akaukaza. Nasieku alisema mwachie alale kidogo. Kwa sababu hiyo aliamriwa kuzunguka uwanja akikimbia, mpaka aambiwe aache. Wengine wakabaki kwenye mstari, nyuso mbele.

"Nikipita pale nilikuwa namwona. Nikipita mara ya kwanza aliniangalia. Nikipita tena kichwa kilikuwa kimelala kifuani, lakini vidole vilikuwa vinasonga. Halafu havikusonga. Nikaenda kumwambia Afande. Alikuwa kwa kibanda anakunywa chai. Akaniambia kimbia."

"Ukakimbia?"

"Nikakimbia."

Walikuja kumfungua chai ilipokwisha, jua limeshakuwa kali. Alikuwa ameanza kupoa miguu. Dalmas aliwapanga mstari tena, akawaambia kijana amekufa kwa dawa za kulevya, na ambaye ataongea vingine hataona kazi Kajiado nzima.

Naliaka alimwambia anahitaji maneno hayo yaandikwe na kutiwa sahihi. Nasieku aliuliza kama atabaki na kazi.

"Sidhani," Naliaka alisema.

Msichana alitazama geti, kisha barabara. Alimwita mwenzake aliyekuwa ndani, akamkabidhi funguo, akapanda gari la polisi kiti cha nyuma.

*

Kabla ya kwenda kumchukua Dalmas, Naliaka alimpigia Daktari Wayua na kumsomea yale maneno: kwamba aliamka akiwa chini, kila mara. Daktari akasema hilo ndilo lililokuwa limekosekana. Mtu akizirai namna ile, kuanguka kwenyewe ndiko tiba. Kichwa kinakuwa sawa na moyo, damu iliyojaa miguuni inarudi, ubongo unapata hewa, anaamka. Lakini ukimfunga wima, damu haina njia ya kurudi. Misuli haikamui, mishipa imelegea, neva zinapiga kelele bure. Presha inashuka na kushuka hadi moyo wenyewe unakosa cha kusukuma.

"Wangemwacha alale?" Naliaka aliuliza.

"Angekunywa chai na wenzake."

Dalmas alikuwa ofisini kwa kampuni, mezani, na aliinuka walipoingia. Mkanda wa rangi ya machungwa ulikuwa umekunjwa vizuri juu ya kabati, pamoja na koni na filimbi. Hakuwa hata amejisumbua kuutupa. Mureithi akauchukua kwa glavu.

Naliaka alimwambia anakamatwa kwa kifo cha Mugo. Dalmas alisikiliza hadi mwisho.

"Vidonge ndivyo vilimuua," alisema. "Mama yake ndiye alimpa. Mshikeni yeye."

"Ulijuaje ni mama yake?"

Alisita. "Aliniambia. Mugo."

"Lini?"

Naliaka aliuliza tena, bila kupandisha sauti.

"Alipokuwa kwa mlingoti," Dalmas alisema. "Alisema amemeza dawa za presha za mama yake, nimfungulie. Nilidhani ni ujanja. Mimi mwenyewe nilisimamishwa hivyo, madam, kwa jua kali kuliko hilo. Kila mwaka nawafundisha hivyo hivyo, na hakuna aliyekufa."

"Mwaka huu amekufa," Naliaka alisema, na Mureithi akamfunga pingu.

Naliaka angefurahi, siku nyingine. Sasa alikuwa akifikiria kile ambacho wakili wa kampuni angekifanya na vile vidonge. Majibu ya sampuli yangekuja, dawa ingeonekana damuni, na mtu angesimama kortini aseme kwamba mwanamke mmoja wa Isinya alimlisha mwanawe dozi mbili na sasa polisi wanamwonea mkufunzi. Kama Mwihaki angekana au kunyamaza, kesi ingeyumba. Kama angesema, ingembidi aseme mbele ya watu wote.

*

Wanawake wa kanisa walikuwa wamepungua alipofika. Mwihaki alikuwa akiwapa kuku chakula, kwa sababu, alisema, kuku hawajui msiba. Naliaka alimsaidia kubeba ndoo. Kisha wakaketi sebuleni, na akamweleza yote: mlingoti, mkanda, chai. Alimweleza pia kwamba Mugo aliamka alipolala chini, na akauliza kuhusu suruali yake.

Mwihaki alilia hapo kwenye suruali.

"Ile dawa ilimwangusha, mama. Sitakudanganya. Bila ile dawa pengine angesikia kizunguzungu tu. Lakini alianguka na akaamka, zaidi ya mara moja. Aliyekataa alale ndiye aliyemuua. Daktari atasema hivyo."

"Na wakili wa huyo mkufunzi atasema ni mimi."

"Atasema."

Naliaka alimweleza kwamba anaweza kukataa kuandikisha, kwamba hakuna atakayemlazimisha leo, na kwamba kanisani na sokoni watu wataongea, akitaka asitake. Alisema pia kwamba bila maneno yake, vidonge vingebaki kuwa siri ya mtu, na wakili angeifungua siri hiyo kwa namna yake.

Mwihaki alifuta macho kwa leso. Alinyanyuka, akaenda mlangoni, akawaomba wanawake waliobaki uani waingie ndani. Wakaingia wote, wengine na vijiko mkononi, wakasimama ukutani bila kuelewa.

"Nataka mlisikie kwangu," aliwaambia, "si kwa redio."

Kisha akavuta kiti mbele ya Naliaka, akaketi, akangoja kalamu iwe tayari, na akaanza kwa kutaja majina yake yote matatu.